Vumbi Ndani ya Kihesabu cha Maalim

Hapana, mtu akikataliwa na mashine hafi. Mimi hapa, nimekaa kwetu Isevya, Tabora, nakunywa uji wangu, nawasema watu. Nawaambia mapema kwa sababu najua mtauliza: Bibi, wewe hukusoma hata darasa moja, kazi ya kutafuta asili ya mashine uliipataje? Wenzangu waliingia kazini kwa barua. Mimi niliingia kwa hasira.

Mashine zenyewe nyie mafundi wa simu hamzijui. Zamani, kabla ya vikokotoo vya betri, kulikuwa na kihesabu cha mfukoni. Kitu bapa, cha bati au cha shaba, ukubwa wa kiganja. Mbele kina milango myembamba imesimama kwa safu, na nyuma ya kila mlango kuna ulimi, yaani utepe wa chuma wenye meno kama kitana. Unashika kijiti cha chuma, unachomeka kwenye jino la namba yako, unavuta chini, namba inatokea kidirishani. Ikizidi tisa, huvuti chini tena. Unasukuma juu mpaka kichwani, unazunguka kama mtu anayekata kona, na ulimi wa jirani unapokea moja. Hiyo tuliita kubeba. Kihesabu kisichobeba ni kopo tu, tia chumvi.

Walikuwa navyo wenye maduka, wanunuzi wa nta, makarani wa tumbaku. Na Maalim wa mtaani kwetu alikuwa nacho.

Maalim alikuwa mtu wa falaki, anapima nyota. Kila herufi ya jina ina thamani yake. Anajumlisha jina lako na jina la mama yako, anatoa kumi na mbili, anatoa tena kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Kuna nyota za moto, za udongo, za upepo, za maji. Posa nyingi za Tabora zilipita kwanza kwa Maalim ndipo zifike kwa kadhi. Posa ya Selemani kwangu mimi nayo ikapita huko.

Namwona mpaka leo. Kafumba macho, sauti inatoka tumboni kama mtungi unaoviringishwa: "Mwanahawaaa... binti... Mwamvuaaa." Kijiti kinakwenda chwi, chwi, chwi. Akatazama kidirishani, akatikisa kilemba. "Binti ni moto. Kijana ni maji. Ndoa hii itatoa mvuke tu."

Mama yangu akamwambia, "Maalim, si ujumlishe tena?"

"Mwamvua, mashine haina shangazi wala mjomba. Ikisema imesema."

Selemani amekaa mlangoni, anahesabu nyuzi za mkeka. "Basi, ikiwa ndo hivyo," akasema. Akavaa viatu akaenda zake. Kijana mrefu, shingo ya twiga, nampenda hivyo! Nikasema moyoni, sawa, mashine imesema. Lakini mimi nitataka kuona tumbo la hiyo mashine.

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, japo mshahara sikupata.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi wa saa karibu na soko. Ulikuwa mwaka ule wa uhuru, bendera mpya bado ina mikunjo ya kukunjwa. Yeye alijiita Fundi Mkuu, na dukani hakuna fundi mwingine. Alikuwa na kioo jichoni siku zote, hata akila, na maneno yalimtokea puani.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Saa imesimama?"

"Sina saa. Nataka kuona ndani ya kihesabu."

Akanitazama kwa lile jicho la kioo, kubwa kama la bundi. "Mwanangu, ndani ya kihesabu hakuna mume."

Mtaa mzima ulikwishajua! Nikacheka, naye akacheka, tena kwa pua, hnn hnn hnn. Akanipa ufagio. "Ukifagia humu hutupi kitu. Unachekecha. Skrubu moja ikipotea, na wewe umepotea."

Nikafagia. Nikachekecha vumbi kwa chekeche la unga, kila siku, miaka. Na hapo ndipo kazi yangu ilipozaliwa, maana ukichekecha vumbi la watu kila siku utajua habari zao kuliko mke wa pili. Kihesabu kikiletwa, Fundi Mkuu anafungua mgongo, anakigonga juu ya karatasi nyeupe, kap kap. Yeye anatazama meno. Mimi naangalia kile kilichomwagika. Cha karani wa tumbaku kina unga wa kahawia, ukiunusa unapiga chafya. Cha mnunuzi wa nta kina ngozi laini ya njano kwenye kingo za milango. Cha bwana stoo wa reli kina grisi nyeusi imeshikana na makaa. Cha mtu wa chumvi ya Uvinza kimeota kutu kama upele.

Siku moja nikamwambia, "Fundi Mkuu, hiki kimetoka kwa mtu wa nta, na kabla ya hapo kilikuwa stesheni."

"Nani kakwambia?"

"Pua."

Akamwita mwenyewe, Mhindi mmoja wa nta, mtu mpole. Naye akasema kwa upole wake, "Ndiyo, mama, mimi pewa na rafiki yangu ya stesheni." Fundi Mkuu akatoa kioo jichoni. Mara ya kwanza namwona ana macho mawili.

Tangu hapo akanifundisha. Vumbi limelala kwa matabaka kama mikeka. La juu ni la mtu wa mwisho, la chini kabisa, lile la kwenye kona za upinde wa kichwani, ni la mtu wa kwanza. Unalitoa kidogo kidogo kwa unyoya wa kuku, kila tabaka kwenye karatasi yake. Halafu unakwenda kwa watu. Na hapo nilimpita mwalimu wangu. Ukimwuliza mtu kitu hiki kilitoka wapi, atakwambia kwa babu. Kila kitu Tabora kimetoka kwa babu! Muulize hivi: kilipoondoka kule kilikotoka, nani alinuna? Hapo mtu anakumbuka. Atakutajia na jina, na nyumba, na tusi alilotukanwa.

Msidhani sikukosea. Kuna kihesabu nilikinusa nikakuta karafuu. Nikapiga kelele, "Unguja! Kimevuka bahari!" Nikamtembeza Fundi Mkuu kwa miguu nusu ya mji kwenda kumpa mwenyewe habari. Mke wake akatuambia, "Mimi nakiweka kwenye kopo la viungo vya pilau, kisipotee." Fundi Mkuu alirudi njia nzima anarudia kwa pua, "Unguja... Unguja..." mpaka nikataka kumpiga kwa kanga.

Muda wote huo nilikuwa nanusa nikitafuta kimoja tu. Maalim alikufa miaka michache baada ya posa yangu kuvunjika. Nikaenda msibani, nikalia vizuri tu, nikiwa nazungusha macho. Kihesabu hakikuwepo kwenye rafu. Mjane wake alifunga mizigo akarudi kwao, na mimi sikujua kwao ni wapi. Niliolewa, ndiyo, na mtu wa Kigoma. Tukaachana bila ugomvi, alikuwa anapenda kimya. Lakini kila kihesabu kikiletwa dukani, moyo wangu ulifanya chwi, chwi, chwi.

Likaja Azimio, vikaja vijiji. Duka la Fundi Mkuu likaingia kwenye ushirika wa mafundi. Ndipo siku moja akaingia Bwana Utamaduni, afisa kijana kutoka Dar, suti ya Kaunda imenyooshwa mpaka inakata, kalamu nne mfukoni. Huyu alizungumza kama anayesoma tangazo la redio. "Ndugu! Kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba, tunahitaji asili ya vifaa vyote vya hesabu vilivyopita katika njia ya misafara. Nimeambiwa hapa yupo mtaalamu."

Fundi Mkuu akaninyooshea bisibisi. "Yule mwenye chekeche."

"Ndugu mtaalamu, elimu yako?"

"Vumbi."

Akaandika! Wallahi akaandika. Alikuwa na fomu yenye visanduku: Mjerumani, Mwingereza, Mwarabu, Mhindi, Mengineyo. Nikamwambia kitu kimoja kinaweza kupita visanduku vyote na kurudi. Akasema, "Ndugu, weka tiki mahali pamoja." Nikamwuliza tiki ni nini. Akanichorea.

Nikapewa barua yenye muhuri. Mimi nikaifungua kila nilipokwenda, mara nyingine kichwa chini miguu juu, na wenyeviti wa vijiji wakasimama. Muhuri haujali umeshikwaje. Bwana Utamaduni alitafuta historia ya taifa. Mimi, niwe mkweli, nilitaka kumjua aliyenipa nyota ya moto, kama alihesabu sawasawa. Maana nilikwishasikia Selemani yuko kijiji cha ujamaa huko Goweko, analima tumbaku, na mkewe amefariki, Mungu amrehemu. Mgane. Nina barua yenye muhuri, na yeye ni mgane. Nyie mngelala?

Nikaanza Kwihara, maana misafara ya zamani ililala pale, na vitu vilivyochoka safari viliachwa pale. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nasalimia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, mayo. Kuna kitu chembamba cha chuma, kina milango?" Wakaniletea kitana, wakaniletea kikwangulio cha nazi, mmoja kaniletea mtego wa panya. Nyumba ya mwisho karibu na kisima, akatoka bibi mmoja mfupi, jino moja mbele, hata "sasa" kwake ni "fafa". Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe fi binti Mwamvua? Yule wa mvuke?"

Mjane wa Maalim! Bi Maalim mwenyewe! Nikasahau shikamoo, nikasahau barua, nikamkumbatia mpaka kanga yake ikadondoka.

"Kihesabu, Bi Maalim. Kihesabu kiko wapi?"

"Kwenye debe la unga. Napimia mifitari ya unga, nijue umebaki wapi." Akazamisha mkono, akakitoa. Cheupe chote kama maiti. Nikakipangusa kwa upindo wa kanga. Shaba! Nikakaa chini hapohapo uani, nikatandika karatasi za Bwana Utamaduni, zile fomu, upande wa nyuma. Nikafungua mgongo.

Tabaka la kwanza, unga. Huyo Bi Maalim. La pili, moshi wa ubani, umeganda mweusi. Huyo Maalim. La tatu, nta, ngozi ya njano. La nne, kwenye kona za upinde, punje nne tano za mchanga mweupe. Nikazilamba. Chumvi. Mchanga wa pwani, jamani, kwenye uwanja wa Kwihara!

"Bi Maalim, mtu wa nta aliyempa Maalim, alikuwa nani? Nani alinuna?"

"Mkewe alinuna," akasema palepale. "Mnunuzi wa nta alikuwa anaumwa, Maalim akamfomea, akapona, akatoa hicho. Yeye alirithi kwa babake, na babake alikuja na mzigo kutoka Bagamoyo, kwa miguu, kabla ya reli. Mkewe alinuna mwezi mzima, alitaka watoe mbuzi."

Mnaona? Mikono minne, kutoka bahari mpaka debe la unga, na kila mkono una vumbi lake na mnunaji wake. Nilijua Bwana Utamaduni atapiga kelele mpaka kalamu zidondoke, na kweli baadaye zilidondoka. "Ndugu! Hii ni njia ya misafara yenyewe, ndani ya sentimita mbili!"

Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Ulimi wa pili, jino la juu, lile linalopokea kubeba. Lilikuwa limevunjika. Kihesabu kilikuwa hakibebi! Kila Maalim alipofika kumi na kuzunguka kona, ile moja ilidondoka njiani kama mpagazi mgonjwa. Na je, lilivunjika lini? Nikaweka jichoni kioo nilichoazima kwa Fundi Mkuu. Jino likivunjika juzi, kidonda chake kinang'aa. Hiki kidonda kilikuwa cheusi kwa ubani, juu ya weusi kuna unga. Maana yake jino lilivunjika Maalim angali anapima. Yeye mwenyewe! Amepima Isevya nzima kwa mashine isiyobeba!

Nikaruka. Mimi, mtu mzima, nikaruka uani mpaka kuku wakakimbia. "Bi Maalim! Nilinyimwa mume kwa sababu ya jino!"

"Fafa kelele za nini," akasema. "Mimi nina moja tu na naifi."

Nikamwuliza kama anajua thamani za herufi. Miaka yote hiyo ameketi nyuma ya pazia, ataachaje kujua? Mkobani nilikuwa na kihesabu kibovu cha kutolea vipuri. Nikachomoa ulimi wake, nikausugua kwa jiwe mpaka ukaingia, nikafunga mgongo. Nikajaribu kubeba: tisa, kona, moja ikapokelewa. Tak! Bi Maalim akakohoa, akafumba macho kama mumewe. Akataja herufi, nami nikachomeka meno aliyonielekeza kwa kidole. Jina langu na la mama. Jina la Selemani na la mama yake. Tukatoa kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka zikaisha.

Akafungua jicho moja. "Wewe moto. Yeye upepo."

"Ndiyo nini?"

"Upepo ndiyo unaowafa moto, mwanangu. Ndoa ya namna hiyo hanyimwi mtu." Kisha akalamba jino. "Ila Maalim wangu alikuwa mtu wa watu mno."

Sikumwuliza anamaanisha nini. Nani angeuliza, ana upepo kiganjani?

Sasa kazi hii niliiacha Goweko, si mjini. Nilistaafu nimesimama, saa nne asubuhi, mbele ya bani la tumbaku. Bani ni kile kibanda kirefu cha kukaushia majani kwa moto. Hakuna aliyenipa cheti wala saa ya ukutani. Bwana Utamaduni alinibembeleza niendelee, akaniambia kuna njia ya Ujiji yote bado. Nikamrudishia barua yake. Kihesabu kilikwenda kwenye maonyesho na watu wakapanga mstari kukiona. Fundi Mkuu alisimama karibu nacho siku nzima akiwaambia, kwa pua, "Yule alikuwa mfagizi wangu." Nilifurahi, nasema kweli. Na nyie mnaofungua simu za watu, msipulize tu vumbi likaruka. Limwageni kwenye karatasi kwanza. Mwenye kitu atakuongopea, babu yake atakuongopea, vumbi la chini halijui kuongopa. Hayo ndiyo yangu. Mengine nimeshaya­sahau, ila hilo la Goweko halisahauliki.

Nilipanda treni ya asubuhi. Kanga mpya, wanja, kihesabu kimefungwa kwenye leso kifuani. Nikashuka Goweko, nikaulizia, nikaoneshwa bani. Nje wamekaa akina mama wa kijiji wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito, wanapiga soga. Selemani yuko mlangoni anachochea moto. Shingo ileile ya twiga, imeota mvi kwa nyuma. Aliponiona akasimama na gogo mkononi.

"Hawa?"

"Selemani, weka gogo chini, nina habari ya serikali." Nikafungua leso. Akina mama wakaacha fito. Nikamweleza yote, mbio mbio: ubani, nta, mchanga wa Bagamoyo, ulimi wa pili, kidonda cheusi. Nikamwigizia Maalim na mtungi wake wa sauti, nikamwigizia Bi Maalim na mifitari yake, wale akina mama wakalala chini kwa kicheko. Nikamwigizia na yeye mwenyewe, alivyohesabu nyuzi za mkeka: "Basi, ikiwa ndo hivyo." Wakapiga vigelegele. Nikamalizia, "Jino lilivunjika, Selemani! Kihesabu hakikubeba! Mimi moto, wewe upepo. Tulikosewa tu!"

Selemani peke yake hakucheka. Akakichukua kihesabu, akakigeuza, akakirudisha kwenye leso vizuri, pembe kwa pembe. Akafuta jasho. Akasema mbele ya wote, wala hakupandisha sauti:

"Hawa, siku ile Maalim hakuhesabu kitu. Nilimpelekea jogoo asubuhi, nikamwambia sema lolote, isipokuwa ndiyo. Wewe ungekuja kuniigiza hata ninavyokata roho."